Namna ya Kukitumia Chama cha Madaktari wa Watoto: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi

Mzazi anayempeleka mtoto hospitali huonana na muuguzi, tabibu na pengine daktari, lakini haoni watu waliokaa kikao miaka kadhaa kabla ya siku hiyo wakajadili dozi atakayopewa mtoto wake, idadi ya pumzi itakayomfanya ahesabiwe kuwa na nimonia, na dalili zitakazompitisha mbele ya foleni. Kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, hufanywa na madaktari wa watoto waliojiunga pamoja katika chama cha kitaaluma. Kenya wana chama chao kinachojulikana kwa herufi za KPA, na Tanzania wana PAT. Uganda na Rwanda nako vyama vya namna hii vipo, na duniani kuna umoja wa kimataifa wa vyama hivyo ulioanzishwa mwaka 1910. Mwongozo huu unaeleza namna mzazi, mlezi, mwalimu au kiongozi wa mtaa anavyoweza kunufaika na chama hicho bila kukitarajia kifanye kazi isiyo yake, maana wengi hukata tamaa baada ya kubisha hodi katika mlango usiohusika.

Mlango upi wa kubisha

Chama cha madaktari wa watoto si serikali, si mwajiri, wala si mahakama. Wanachama hujiunga kwa hiari na kulipa ada, huchagua viongozi wao, na hukutana kujadili ushahidi mpya wa kitabibu. Hakitoi leseni ya udaktari na hakina uwezo wa kuifuta. Leseni hutolewa na mabaraza yaliyoundwa kwa sheria: Kenya ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Zanzibar ina baraza lake. Wauguzi na wakunga wana mabaraza yao, na maofisa wa kliniki wa Kenya nao wana lao. Fedha, majengo, ajira na dawa ni mambo ya wizara na ya serikali za chini yake, yaani halmashauri kwa upande wa Tanzania, na kwa upande wa Kenya kaunti, ambazo zilipewa dhamana ya hospitali nyingi baada ya Katiba ya mwaka 2010.

Kutokana na mgawanyo huo, swali la kwanza la kujiuliza ni hili: je, jambo langu linamhusu mtu mmoja aliyekosea, kituo kilichopungukiwa, au ujuzi wa namna ya kumtunza mtoto? Kama unaamini kwamba mtaalamu fulani alimtendea mtoto wako isivyo, anza na mganga mfawidhi au msimamizi wa hospitali yenyewe, na usiporidhika upeleke malalamiko kwenye baraza linalomsajili mtaalamu huyo. Kama wodi haina oksijeni au chanjo zimekwisha, mwenye kuwajibika ni uongozi wa kituo na mamlaka iliyo juu yake, ingawa hapo chama kinaweza kuwa mtetezi wako kama nitakavyoeleza mbele. Kama unachotaka ni kujua matibabu yanayokubalika, au kama ushauri uliosikia ni wa kweli, hapo ndipo chama chenyewe kinapohusika.

Malalamiko yanayokwenda kwenye baraza yanahitaji kumbukumbu, na kumbukumbu hizo huanza kutunzwa siku ya kwanza ya ugonjwa, kabla hata hujafikiria kulalamika. Tunza kadi au kitabu cha kliniki, risiti, majibu ya maabara na karatasi ya ruhusa, na andika tarehe, saa, jina la kituo, na majina ya dawa kama yalivyoandikwa kwenye kichupa au pakiti. Barua inayosema tu kwamba mtoto alihudumiwa vibaya ni vigumu kuifanyia kazi, lakini barua inayosema mtoto aliletwa saa mbili usiku akiwa na degedege na hakuonwa na yeyote hadi saa nne ina kitu cha kuchunguzwa.

Kuthibitisha kwamba daktari ni daktari wa watoto

Daktari wa kawaida amehitimu shahada ya kwanza ya udaktari na kumaliza mwaka wa mafunzo ya vitendo. Daktari bingwa wa watoto ameongeza juu yake shahada ya uzamili, ambayo huchukua miaka mitatu au zaidi ya kufanya kazi wodini na darasani. Wapo pia mabingwa wabobezi waliosomea zaidi moyo, figo, saratani au watoto wachanga. Neno bingwa likiandikwa kwenye kibao cha zahanati halithibitishi lolote. Thibitisha kwa baraza: rejista ya Kenya hutafutwa mtandaoni kwa jina la daktari, nawe utaona kama leseni yake ya mwaka huo ipo, kwingine waweza kupiga simu au kufika ofisini. Muulize daktari mwenyewe kwa adabu jina lake kamili kama lilivyosajiliwa. Daktari aliyesajiliwa hana sababu ya kukasirika kwa swali hilo.

Uanachama wa chama ni dalili njema, kwani unaonyesha kwamba mtu anahudhuria mikutano na anapokea miongozo mipya, lakini hauchukui nafasi ya leseni. Yuko daktari mzuri asiyekuwa mwanachama, na yuko mwanachama ambaye leseni yake imepitwa na wakati.

Jambo lingine la kuelewa mapema ni kwamba mtoto wako anaweza kukua hadi akawa mtu mzima bila kuonana na bingwa wa watoto hata mara moja, hasa kama mnaishi mbali na miji mikubwa. Atakayemtibu ni tabibu, ofisa wa kliniki, au muuguzi wa zahanati. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ulipo umuhimu mkubwa zaidi wa chama, kwa sababu mabingwa wachache hawawezi kumfikia kila mtoto kwa mikono yao, lakini wanaweza kumfikia kupitia mwongozo walioshiriki kuuandika na mafunzo wanayoyatoa kwa watu hao.

Mwongozo wa matibabu unavyopatikana, na kwa nini hubadilika

Mzazi akisikia kwamba tiba aliyopewa mtoto wa kwanza haitolewi tena kwa mtoto wa tatu, hudhani madaktari wanababaisha. Mfano mmoja wa Afrika Mashariki unatosha kuonyesha kinachotokea.

Kwa miaka mingi, mtoto aliyefika hospitali akiwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini, mikono ikiwa baridi na mapigo ya moyo yakienda mbio, alipewa maji mengi kwa mshipa kwa haraka. Nchi tajiri zilifanya hivyo, na vitabu vilifundisha hivyo. Kati ya mwaka 2009 na 2011 watafiti walijaribu tiba hiyo katika hospitali sita: Kilifi kwa upande wa Kenya, Teule iliyoko Muheza kwa upande wa Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kwa upande wa Uganda. Watoto zaidi ya 3,100 waliokuwa na homa kali waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa maji ya haraka na wengine wakapewa maji ya kawaida ya kuwatunza tu. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa, kwa sababu matokeo yalikwenda kinyume na matarajio ya karibu kila mtu. Katika saa 48 za kwanza, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, walifariki kati ya 10 na 11. Kwa wale ambao hawakupewa, walifariki 7 hivi.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011, lakini ripoti ya jarida la kisayansi haimfikii muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya kwa kuchapishwa tu. Lazima pawe na watu wanaoisoma, wanaouliza kama inawahusu watoto wa kwao, wanaobishana, na mwisho wanaokubaliana juu ya sentensi moja itakayoandikwa katika mwongozo wa taifa. Kenya wanacho kitini kidogo cha itifaki za msingi za matibabu ya watoto, kinachotolewa na Wizara ya Afya, ambacho kimehaririwa upya mara kadhaa kwa kuwashirikisha madaktari wa watoto, Chuo Kikuu cha Nairobi na watafiti wa KEMRI, yaani taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Katika matoleo yaliyofuata utafiti ule, maji ya haraka yaliwekewa mipaka. Ni muhimu kuongeza hapa kwamba utafiti haukuwahusisha watoto wanaoharisha. Mtoto aliyekaukiwa na maji kwa sababu ya kuhara bado anahitaji kurudishiwa maji, na mzazi asije akamkatalia dripu kwa kusikia nusu ya habari.

Kwa hiyo, unapokutana na ushauri wowote wa afya ya mtoto, tazama tarehe yake. Ushauri wa mwaka 2005 unaweza kuwa ulitolewa na watu wema na wenye elimu, na bado ukawa umekwisha kuachwa.

Kuutumia mwongozo ukiwa hospitali

KPA na washirika wake huendesha mafunzo yanayoitwa ETAT+, yanayomfundisha mhudumu namna ya kumtambua mtoto aliye hatarini mara anapoingia mlangoni, kumpa huduma ya kwanza ya kitabibu, na kumtunza anapolazwa. Mafunzo hayo yalianzia Kenya juu ya msingi uliowekwa na Shirika la Afya Duniani, kisha yakafika nchi nyingine, Rwanda ikiwa mojawapo. Mzazi hahitaji kuyasomea, lakini akijua kiini chake anaweza kusaidia mtoto wake asikae kwenye benchi wakati ambapo hakupaswa kukaa.

Kanuni yenyewe ni kwamba mtoto mwenye dalili ya dharura hapangi foleni, halipii kwanza na hasubiri kadi. Dalili hizo ni kushindwa kupumua au kupumua kwa taabu kubwa, ulimi au midomo kuwa ya buluu, mikono kuwa baridi huku mapigo yakiwa hafifu na ya haraka, kupoteza fahamu, degedege, na kwa mtoto anayeharisha, kulegea, macho kuzama, kushindwa kunywa, na ngozi ya tumbo kuchelewa kurudi inapofinywa. Ukiona mojawapo ya hizo, usiketi. Mwendee muuguzi aliye karibu na useme kwa maneno machache na wazi: mtoto huyu ana degedege, au mtoto huyu hawezi kunyonya na anapumua kwa shida. Maelezo marefu juu ya ugonjwa ulivyoanza yatakuja baadaye. Wapo pia watoto ambao, hata bila dalili ya dharura, hutangulizwa mbele ya wengine: walio chini ya miezi miwili, waliopauka sana viganja, waliokonda mno, waliovimba miguu yote miwili, walioungua, waliokunywa sumu, na waliotumwa kwa rufaa ya haraka kutoka kituo kingine.

Baada ya hapo, tazama mambo mawili ambayo mara nyingi hurukwa wakati kituo kina msongamano. La kwanza ni uzito. Dozi ya mtoto hupigwa kwa kilo, na makadirio ya macho yanaweza kumpa mtoto mdogo dawa nyingi mno au mtoto mkubwa dawa pungufu. Kama mtoto hajapimwa, omba apimwe, na omba uzito uandikwe pale dawa zilipoandikwa.

La pili ni pumzi. Nimonia kwa mtoto mwenye kikohozi haitambuliwi kwa kusikia kikohozi chenyewe. Mhudumu anayefuata mwongozo humwomba mama amshike mtoto akiwa ametulia, asiwe analia wala ananyonya, kisha huinua fulana hadi kifua na tumbo vionekane, hushika saa, na huhesabu pumzi kwa dakika nzima. Hesabu ya sekunde 15 inayozidishwa mara nne haikubaliki, kwa sababu pumzi za mtoto mdogo hazina mwendo wa sawasawa. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza miaka mitano, ni 40 au zaidi. Kwa aliye chini ya miezi miwili, ni 60 au zaidi. Hutazama pia kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani mtoto anapovuta pumzi. Dakika hiyo moja ni kipimo kisicholipiwa, na kinaweza kufanyika hata katika zahanati isiyo na umeme. Nashauri kila mzazi ajifunze kuhesabu hivyo nyumbani mtoto akiwa mzima, ili siku ya ugonjwa awe ameuzoea mwendo wa kawaida wa kifua cha mwanawe.

Mzazi anayerudishwa nyumbani na vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha katika maji, wakati alitarajia sindano au kulazwa, asidhani amepuuzwa. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba nimonia isiyo na dalili za hatari itibiwe kwa dawa ya kumeza nyumbani. Unachopaswa kuondoka nacho ni majibu ya maswali matatu: dawa hii ni ya siku ngapi, nirudi lini kuangaliwa tena, na ni dalili gani zikitokea nirudi usiku huohuo. Jibu la swali la mwisho lisipokuwa na kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, na kulegea kusiko kwa kawaida, uliza tena.

Kwa mama anayekaribia kujifungua liko jambo la kuuliza kliniki mapema. Akademia ya Madaktari wa Watoto ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1930 na madaktari 35, ilishirikiana na mashirika mengine kuandaa mafunzo mafupi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, yakazinduliwa mwaka 2010. Msisitizo wake ni kwamba, ndani ya dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa, mtoto awe amelia na kupumua, au awe anapuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa. Mafunzo hayo yalipopimwa katika hospitali nane za Tanzania, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na watoto waliozaliwa wafu muda mfupi tu baada ya kufariki walipungua kwa asilimia 24. Sijui habari inayoonyesha vizuri zaidi kuliko hii kile ambacho chama cha kitaaluma kinaweza kufanya bila kujenga jengo wala kununua mtambo. Muulize mkunga wa kituo unachokusudia kujifungulia kama mfuko wa kupulizia hewa wa watoto wachanga upo chumba cha kujifungulia, na kama waliopo zamu wamefunzwa kuutumia.

Kuutumia ushauri ukiwa nyumbani

Ushauri wa vyama vya madaktari wa watoto kwa wazazi kwa kawaida ni mfupi, na ubora wake uko katika kuufuata hadi mwisho. Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS na zinki, na zinki hiyo iendelee siku 10 hadi 14 kama alivyoelekeza mhudumu, hata kama choo kimekuwa cha kawaida siku ya tatu. Wazazi wengi huishia hapo na vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini. Mtoto mchanga alazwe chali. Marekani walipoanza kuwashauri wazazi hivyo mwaka 1992, na kuanzisha kampeni ya taifa mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu, ijapokuwa kabla ya hapo bibi na madaktari kwa pamoja walikuwa wakiwalaza watoto kifudifudi wakiamini kwamba ndiyo salama. Asali isipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Chanjo zifuate kadi: kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18, dozi ambayo wazazi wengi huisahau kwa kuwa mtoto amekwisha kutembea na kliniki imekoma kuwa mazoea.

Tatizo la siku hizi ni ujumbe unaozunguka katika makundi ya simu ukidai umetoka kwa chama cha madaktari. Kabla ya kuutuma kwa wengine, usome ukitafuta mambo manne. Je, una tarehe? Je, una jina la chama kwa ukamilifu na la aliyeutia saini, au umesema tu kwamba madaktari bingwa wamegundua? Je, unaweza kuupata katika tovuti ya chama chenyewe au ya wizara? Na je, mwisho wake unakuelekeza kununua kitu? Ukikosa mambo matatu ya kwanza, au ukiwa na la nne, usiutume. Mwandikie chama uulize. Swali lililoandikwa vizuri na mzazi mmoja linaweza kukifanya chama kitoe tamko litakalowafikia maelfu, na viongozi wa chama hawawezi kujua uvumi uliopo mtaani kwenu msipowaambia.

Nani amelipia ushauri huu

Jambo hili nalitaja kwa uzito wote, kwa sababu imani ya wazazi kwa madaktari wa watoto ni kubwa, nayo ni mali inayotamaniwa na wafanyabiashara. Mikutano ya kisayansi ina gharama, na kampuni za dawa na maziwa ya kopo zimekuwa tayari kulipia kumbi, chakula na safari. Kanuni za kimataifa za kudhibiti utangazaji wa maziwa mbadala zilipitishwa mwaka 1981, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba kampuni za vyakula vya watoto wachanga zisidhamini mikutano ya wataalamu wa afya. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Watoto cha Uingereza kiliamua mwaka 2019 kuacha kupokea fedha za kampuni za maziwa ya kopo, baada ya mjadala mrefu miongoni mwa wanachama wake. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti maziwa mbadala.

Mzazi ana haki ya kuuliza. Ukialikwa kwenye semina ya lishe ya mtoto, tazama nembo zilizoko kwenye bango na kwenye kalamu zinazogawiwa. Ukiandikiwa aina fulani ya maziwa ya kopo wakati mama ananyonyesha vizuri, uliza sababu ya kitabibu, na omba iandikwe kwenye kadi. Chama kinachoheshimu wanachama wake na watoto hakiudhiki kwa swali kama hilo. Hutaja wafadhili wake bila kulazimishwa.

Kukiandikia chama

Yako mambo mawili ambayo jamii inaweza kukiomba chama na kuwa na matumaini ya kupata: sauti na mafunzo. Kwa upande wa sauti, chama hukaa mezani na wizara na hualikwa panapoandaliwa sera, na kikiwa na ushahidi kutoka vituo halisi, hoja yake huwa na nguvu kuliko malalamiko ya jumla. Kama wodi ya watoto ya wilaya yenu haina oksijeni, au haina kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu, andikeni kwanza kwa mganga mkuu wa wilaya au mkurugenzi wa afya wa kaunti, kisha mpeni chama nakala. Barua iwe ya ukurasa mmoja. Ieleze kituo, upungufu, tangu lini, umbali wa kituo kingine chenye huduma hiyo, na mnachoomba kifanyike. Usiweke jina la mtoto wala picha yake, hata kama wazazi wameridhia, maana barua za namna hii hupita mikononi mwa watu wengi.

Kwa upande wa mafunzo, ombi lina uzito zaidi likisainiwa na kituo chenyewe pamoja na kamati ya afya ya eneo, kwa sababu chama hakiwezi kuingia wodini bila idhini ya mwenye wodi. Semeni ni wahudumu wangapi watakaofunzwa, na hakikisheni wauguzi wa zamu ya usiku wamo kwenye orodha, kwani mara nyingi wanaopelekwa semina ni viongozi wa idara, ilhali mtoto mwenye degedege hupokewa saa tisa usiku na muuguzi ambaye hajawahi kuitwa popote. Ombeni pia mtu wa kurudi baada ya miezi michache kuwaangalia wakifanya kazi, kwa kuwa ujuzi wa kutumia mfuko wa kupulizia hewa hupotea usiporudiwa. Pelekeni barua kwa mkono pale inapowezekana, ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, na jibu likichelewa andikeni tena mkiambatisha nakala hiyo yenye muhuri na tarehe.